Unyoya wa Mbuni na Asili ya Nyara za Serikali

Lipo dai linalorudiwa kila yanapozungumzwa manyoya ya ndege katika nchi hii, kwamba sheria ililetwa ili kuwaokoa ndege na mila za Waafrika. Kwa mujibu wa dai hilo, kijana wa Kiarusha aliyetoka jando na taji lake la ndege ndiye aliyekuwa hatari, na Serikali ikaja kama mlinzi. Dai hili halisimami mbele ya nyaraka. Mikataba miwili iliyotiwa saini London, wa 1900 na wa 1933, haisomwi sana na wanaoandika historia ya Meru, na kutosomwa huko kumetugharimu. Ukiifungua unakuta kwamba marufuku ya manyoya ilizaliwa na biashara ya kofia za Ulaya, ikaandikwa na mataifa yaliyofaidika na biashara hiyo, kisha mzigo wake ukatuliwa mabegani mwa watu ambao hawakuwa na duka wala meli. Naandika nikiamini kwamba ndege hawa wanastahili ulinzi mkali. Lakini naamini pia kwamba sheria isiyotofautisha unyoya wa ndege aliyeuawa na unyoya uliodondoka, au uliorithiwa, imekosea shabaha yake tangu mwanzo.

Mila yenyewe inajulikana, na haihitaji maelezo marefu. Miongoni mwa Wamasai na Waarusha, kijana aliyetahiriwa huvaa nguo nyeusi na kuzunguka na wenzake wakiwinda ndege wadogo kwa mishale butu, ambayo ncha yake ni donge la nta lisilotoboa ngozi. Ngozi za ndege hao hujazwa nyasi na kufungwa kwenye pete inayozunguka kichwa, zikaning'inia hadi mabegani. Moran naye alikuwa na taji lake: kipande cha ngozi kilichokatwa kuuzunguka uso, manyoya meusi ya mbuni yakiwa yameshonewa ukingoni mwake. Taji la namna hiyo lilitunzwa na kuvaliwa tena na tena. Mahitaji yake hayakuweza kuwamaliza mbuni wa nyika iliyo chini ya Mlima Meru, na hawakuisha katika vizazi vyote ambavyo mila hiyo ilitawala bila bwana nyama kuwepo.

Kipindi kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni kile cha kati ya 1896 na 1933. Mnamo Mei 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoweka leseni na kutenga maeneo ya akiba, mojawapo likiwa magharibi ya Kilimanjaro. Oktoba ya mwaka huohuo wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, huko Meru, na jeshi la Kijerumani la Kapteni Johannes kutoka Moshi likaja kulipiza kisasi. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Wachaga na viongozi wenzake walinyongwa na Wajerumani huko Moshi. Wiki kumi na moja baadaye, tarehe 19 Mei 1900, Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na madola mengine yalitia saini London mkataba wa kuhifadhi wanyama pori, ndege na samaki wa Afrika. Siziweki tarehe hizi pamoja kudai kwamba tukio moja lilisababisha jingine. Naziweka pamoja kwa sababu zinaonyesha ni nani aliyekuwa na nafasi ya kusema juu ya ndege wa Meru, na ni nani aliyekuwa amenyamazishwa.

Majedwali ya mkataba huo yanafundisha kuliko ibara zake. Waliopewa ulinzi kamili kwa sababu ya manufaa yao ni tumbusi, karani tamba, bundi na shashi. Mbuni, marabu na yangeyange, ndege watatu ambao manyoya yao yalikuwa na soko Ulaya, waliwekwa katika kundi la wale wanaoweza kuuawa kwa idadi maalumu. Mayai ya mbuni yaliagizwa yalindwe. Ndege wakubwa walao nyama, ukiacha tumbusi, karani tamba na bundi, waliorodheshwa pamoja na simba na chui kama viumbe wa kupunguzwa. Aliyepanga hivi alikuwa akitunza ghala: chenye bei kitumiwe kwa kipimo, chenye kuleta hasara kiondolewe. Mkataba huo haukuridhiwa na wote na haukupata nguvu kamili, lakini mpangilio wake uliingia katika kanuni za makoloni.

Wapo wanaojibu kwamba Ulaya yenyewe ilijirekebisha, na jibu hili lina ukweli unaostahili heshima. Yangeyange alikuwa akiuawa wakati wa kutaga, kwa kuwa ndipo manyoya yake marefu ya mgongoni yanapoota, na makinda yakafa njaa kwenye viota. Wanawake wa Uingereza walioanzisha chama cha kulinda ndege mwaka 1889, Emily Williamson akiwa mmoja wao, walipigana na ukatili huo kwa miaka zaidi ya thelathini, hadi sheria ya 1921 ikakataza kuingiza manyoya nchini mwao. Lakini sheria hiyo iliwaacha nje mbuni na bata wa eida. Sababu ilikuwa wazi: mbuni anayefugwa hukatwa manyoya kila baada ya miezi minane au tisa, juu ya ngozi, na vishina hung'olewa baadaye vikishakauka, bila ndege kufa. Mwaka 1913 manyoya ya mbuni yalikuwa bidhaa ya nne ya Afrika Kusini nje ya nchi, baada ya dhahabu, almasi na sufu. Karibu na kwetu, walowezi Clifford na Harold Hill walifuga mbuni Machakos. Kwa hiyo wazo kwamba unyoya wa ndege aliye hai ni tofauti na unyoya wa ndege aliyeuawa lilikubaliwa na sheria ya dola zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lilikubaliwa kwa sababu mwenye shamba alikuwa mlowezi.

Mkataba wa pili, wa tarehe 8 Novemba 1933, ndio uliofunga mlango kwa wengine. Ibara yake ya 9 ilitaja mayai, maganda, viota na manyoya ya ndege waliolindwa kuwa nyara, ikaagiza biashara yake idhibitiwe ndani na nje ya nchi, na ikaweka kanuni kwamba nyara ya mnyama aliyekutwa amekufa, au aliyeuawa kwa bahati mbaya, kimsingi ni mali ya Serikali. Hapo ndipo kosa lilipohama kutoka kwenye kuua likaenda kwenye kuwa na kitu. Mchungaji aliyekuta mzoga wa mbuni kwenye mbuga akachomoa manyoya mawili alikuwa sasa ameshika mali ya Serikali. Sheria ya Tanganyika ya 1940 ilifuata mkataba huo, ya 1951 ikauendeleza, na Uhuru haukubadili msingi wake: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 1974, na ile ya 2009 inayotumika leo, zote zinahesabu unyoya kuwa nyara, na anayekutwa nao ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba anaumiliki kihalali.

Uzito wa adhabu unalifanya jambo hili kuwa zaidi ya mjadala wa wanahistoria. Thamani ya nyara hukadiriwa na ofisa wa wanyamapori, na mara nyingi kipande kidogo huhesabiwa kwa bei ya mnyama mzima. Ikizidi shilingi milioni moja, kosa linaweza kuleta kifungo cha kati ya miaka 20 na 30. Ngazi hiyo ilikusudiwa kwa magenge. Mnamo Novemba 2010 twiga wanne na wanyama na ndege wengine zaidi ya mia walipakiwa ndegeni katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), wakapelekwa Qatar. Wizi wa namna hiyo ndio unaostahili ukali huo, na haufanani hata kidogo na taji la babu lililotundikwa ukutani.

Pingamizi zito linatoka kwa wahifadhi, nami nalichukua kwa uzito wake. Wanasema unyoya hausemi umetoka wapi, hivyo ukiruhusu mmoja umefungua njia kwa elfu. Wanaongeza kwamba tumbusi wanauawa kwa sumu, na viungo vyao vinauzwa kwa waganga. Ni kweli: mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Kwa tumbusi na karani tamba marufuku ya kumiliki ibaki kama ilivyo, wala mila isiwe kinga. Lakini hoja hiyo haimgusi mbuni anayefugwa kwa leseni, wala kanga. Na kama tatizo ni ushahidi, dawa yake ni cheti. Marekani ilikutana na swali hilohilo. Sheria yake ya tai iliyorekebishwa mwaka 1962 iliwaruhusu Wahindi Wekundu kupata manyoya kwa ibada zao, na ghala la taifa lililoko Colorado huwagawia bure manyoya ya tai waliokufa, huku kuyauza kukibaki kosa.

Nchi yetu tayari inakubali kwamba mila inaweza kupewa nafasi ndani ya sheria, kwa maana Wahadzabe wa Eyasi wamewahi kuruhusiwa kuwinda kwa ajili ya chakula chao. Kinachobaki ni kulipeleka wazo hilo kwenye manyoya: mataji ya zamani ya Waarusha, Wameru na Wamasai yaandikishwe bila mwenye nayo kushtakiwa, wafugaji wa mbuni waruhusiwe kuuza manyoya yenye alama kwa mafundi wa mataji na kwa wauza vinyago wa Arusha, na manyoya yanayookotwa katika hifadhi yagawiwe kwa jando kupitia wazee wa mila na ofisa wa wanyamapori wa wilaya. Mpango kama huu utamwacha askari wa wanyamapori na muda wa kuwafuata wanaomwaga sumu na wanaopakia ndege viwanjani, nao ndio waliopaswa kufuatwa tangu mwaka 1900.