Shabaha ya Bunduki Katika Uzaramo

Kununua bunduki ni jambo la siku moja. Kuijua shabaha ni kazi ya miaka. Wawindaji wa Uzaramo walilifahamu hilo zamani. Mwenye gobore alimimina baruti katika mtutu, akaishindilia, akatia risasi, kisha akaweka fataki; na kwa kuwa kuijaza tena kulikawia, alijifunza kunyatia hadi karibu, na kungoja mpaka asiwe na shaka.

Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, Jumbe Kibasila wa Kisangire, katika Kisarawe ya leo, aliwaongoza watu waliochoshwa na kilimo cha pamba cha lazima. Ustadi wa mwindaji ukakutana na mafunzo ya askari wa serikali ya Kijerumani. Askari huyo alichukua Mauser ya mwaka 1871, ijazwayo kwa nyuma. Alifunzwa kukadiria umbali, kuzuia pumzi, na kupiga pamoja na wenziwe kwa amri moja. Mbele ya safu hiyo, maji ya dawa hayakufaa kitu.

Lakini wengi wa wapigaji hao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa Wasudani, Wanyamwezi na Wamanyema. Jicho lilikuwa la Mwafrika, amri ya mgeni. Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Tarehe 10 Julai 1963 Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa, na baadaye katika kambi ya Ruvu, wilayani Kibaha, vijana wakafunzwa silaha chini ya bendera yao wenyewe. Kulenga ni kazi ya jicho na mkono. Kuichagua shabaha ni kazi ya aliye huru.