Metali Inayokataa Kuachia

Mwaka 1866, Thomas Graham wa London aliona paladiamu ikinywa haidrojeni kama sponji, mamia ya mara ya ujazo wake. Lakini paladiamu ni nzito, na bei yake, wacha tu.

Basi watafiti wakageukia metali nyepesi. Magnesiamu ikishiba, asilimia 7.6 ya uzito wote ni haidrojeni. Noma ni kuitoa: mpaka uichemshe kwa nyuzi 300 hivi. Nani ataendesha gari lenye tanuri? Mwaka 1968, Reilly na Wiswall wa Brookhaven, Marekani, waliichanganya na nikeli. Gesi ikatoka kwa urahisi zaidi, lakini uwezo wa kubeba ukashuka hadi asilimia 3.6. Ukipata huku, unapoteza kule.

Kisha Ujerumani, 1997. Kulikuwa na unga wa sodiamu, alumini na haidrojeni ambao, gesi ikishatoka, kuirudisha ilikuwa balaa. Bogdanović na Schwickardi wakatia titani kidogo tu. Ikarudi! Kwangu mimi, hiyo ndiyo siku tamu kuliko zote katika hadithi hii.

Toyota haikungoja. Mirai ya 2014 hushindilia gesi tupu tangini, karibu mara 700 ya shinikizo la hewa tunayovuta.