Podikasti za video: Jinsi ya kuanza kutazama na kujisajili bila kumaliza bando

MTAZAMAJI wa runinga nchini Kenya amezoea kwa miaka mingi kupangiwa ratiba na kituo. Taarifa ya habari kwa Kiswahili huanza saa moja jioni, ile ya Kiingereza saa tatu usiku, na anayecheleweshwa na msongamano wa magari hukosa. Podikasti ya video imeugeuza utaratibu huo. Mtazamaji ndiye anayeamua atatazama nini, saa ngapi, na kwa chombo kipi.

Hata hivyo, wapo wengi wanaotamani kuanza lakini husitasita kwa sababu mbili. Kwanza, wanadhani kwamba kujisajili ni sawa na kulipa. Pili, wanahofia bando litakwisha kabla ya kipindi kufika nusu. Hofu ya kwanza haina msingi mkubwa. Ya pili ina msingi, ila inaweza kudhibitiwa. Makala haya yanaeleza namna ya kuanza, huku yakizingatia mambo hayo mawili.

Podikasti ya video ni nini?

Podikasti ni kipindi kinachotolewa toleo baada ya toleo kupitia intaneti, na ambacho mtu anaweza kujisajili ili kila toleo jipya limfikie bila yeye kulitafuta. Huenda ikawa ya sauti pekee au ya sauti na picha.

Kiini cha teknolojia hii ni kile kinachoitwa mlisho. Huu ni ukurasa mdogo wa maandishi unaohifadhiwa na mtayarishaji kwenye intaneti. Ndani yake mna orodha ya matoleo yote: kichwa, tarehe, maelezo mafupi na anwani ya faili yenyewe. Programu iliyo katika simu au kompyuta yako huukagua mlisho huo mara kwa mara, na inapoona toleo jipya, hukuarifu au hulipakua.

Mfano wake ni msomaji aliyepatana na muuza magazeti wa mtaani amwekee nakala yake kila asubuhi. Msomaji hazunguki tena kulitafuta gazeti, na siku akitaka kuacha, humwambia tu muuzaji.

Ilikotoka

Milisho hiyo hufuata utaratibu unaojulikana kwa herufi RSS. Mwishoni mwa mwaka wa 2000, mtaalamu wa programu wa Marekani, Dave Winer, aliuongezea utaratibu huo uwezo wa kubeba anwani za faili za sauti na video, baada ya kushauriana na Adam Curry, aliyekuwa mtangazaji wa MTV.

Jina lenyewe lilijitokeza Februari 2004 katika makala ya mwanahabari Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza. Aliunganisha jina la iPod, kifaa cha kampuni ya Apple cha kusikilizia muziki, na neno la Kiingereza la utangazaji. Mwaka huohuo, mnamo Oktoba, kipindi cha Rocketboom kilianza kutolewa jijini New York, na kikawa miongoni mwa podikasti za mwanzo za video kupata watazamaji wengi.

Apple iliingiza podikasti katika programu yake ya iTunes mnamo Juni 2005, na Oktoba mwaka huo ikatoa iPod ya kwanza yenye uwezo wa kuonyesha video. Kampuni hiyo ilitangaza mwisho wa iPod mnamo Mei 2022, lakini jina la podikasti limebaki.

Afrika Mashariki haikunufaika mapema. Wakati huo intaneti ya eneo hili ilitegemea setilaiti, na kupakua video ya dakika chache kungeweza kuchukua saa nzima au zaidi. Hali ilianza kubadilika mwaka wa 2009, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. Simu za kisasa ziliposambaa, mlango ukafunguka kwa wananchi wengi zaidi.

Leo YouTube ndiyo inayoongoza kwa podikasti za video. Februari 2025, kampuni hiyo ilitangaza kwamba zaidi ya watu bilioni moja hutumia podikasti kwenye jukwaa lake kila mwezi.

Hatua ya kwanza: Chagua jukwaa

Kuna njia tatu kuu, na kila moja ina faida zake.

Njia ya kwanza ni YouTube. Huhitaji akaunti ili kutazama, ila unahitaji akaunti ya Google ili kujisajili. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kushusha kiwango cha picha ili kuokoa data.

Njia ya pili ni Spotify, ambayo ilianza huduma zake Kenya mwaka wa 2021. Hii pia huhitaji akaunti, na huwa na podikasti nyingi za sauti pamoja na baadhi za video.

Njia ya tatu ni programu zinazosoma milisho moja kwa moja. Wenye iPhone wana Apple Podcasts. Wenye simu za Android wanaweza kutumia AntennaPod, ambayo ni ya bure, haina matangazo yake yenyewe wala haikutaki ufungue akaunti.

Ifahamike hata hivyo kwamba si kila kipindi utakachokiona YouTube kitapatikana kwa picha katika programu za milisho. Watayarishaji wengi huweka sauti pekee katika mlisho ulio wazi, na video wakaiacha YouTube au Spotify. Usishangae basi ukikisikia kipindi bila kuona sura za wazungumzaji.

Hatua ya pili: Tafuta kipindi, ukionje

Andika jina la kipindi au mada katika kisanduku cha kutafutia. Anayependa Kiswahili ataona video za BBC Swahili na DW Kiswahili katika YouTube. Mpenzi wa mazungumzo ya vijana wa Nairobi atapata vipindi kama Iko Nini na Mic Cheque, ambavyo lugha yake ni ya mtaani zaidi kuliko ya darasani.

Kwa mihadhara mifupi, shirika la TED limekuwa likitoa video zake bila malipo tangu 2006. Miongoni mwazo mna hotuba za kongamano la Arusha la Juni 2007, ambako walizungumza Mkenya Ory Okolloh na William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyejenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu. Mna pia ya Richard Turere wa Kitengela, aliyeeleza mwaka wa 2013 jinsi alivyobuni taa za kuwafukuza simba wasiwashambulie mifugo.

Tazama toleo moja au mawili kabla ya kujisajili. Kagua tarehe ya toleo la mwisho, kwani vipindi vingi huanza kwa kishindo kisha vikazimika kimyakimya. Muhimu zaidi, chunguza anayezungumza ni nani. Podikasti haipitii lazima mikononi mwa mhariri. Anayetoa ushauri wa tiba, sheria au uwekezaji anapaswa kupimwa kwa ujuzi wake. Wingi wa watazamaji si ithibati ya ujuzi.

Hatua ya tatu: Jisajili

Ukiridhika, bonyeza kitufe cha kujisajili au cha kufuata. Katika YouTube, kando yake kuna alama ya kengele inayokuwezesha kuamua kama utaarifiwa kwa kila toleo, kwa baadhi tu, au usiarifiwe kamwe.

Kipindi kisipoonekana katika programu ya milisho, tembelea tovuti ya mtayarishaji, nakili anwani ya mlisho wake, kisha uibandike katika sehemu ya kuongeza podikasti kwa anwani.

Anza na vipindi vitatu au vinne. Anayejisajili kwa hamsini siku moja hujikuta na mrundiko asioweza kuumaliza, na mshika mbili moja humponyoka.

Kujisajili si kulipa

Neno hili limewatatiza wengi, hata nje ya Kenya. Mwaka wa 2021, Apple iliacha kutumia neno la kujisajili kwa podikasti za bure, ikaweka neno la kufuata badala yake. Neno la awali likaachiwa vipindi vya kulipia, ambavyo ilivianzisha mwaka huohuo.

Kanuni ni rahisi. Kufuata kipindi cha kawaida katika YouTube, Spotify, Apple Podcasts au AntennaPod hakutozwi ada. Vipo vipindi vya wanachama wanaolipa, lakini huko huonyeshwa bei kwanza, kisha ukaombwa uthibitishe malipo. Jihadhari na majaribio ya bure ya wiki au mwezi, kwani mengi hugeuka malipo muda ukipita usipoyafuta mapema.

Tofautisha pia podikasti na zile huduma za ujumbe mfupi ambazo hukata muda wa maongezi kila siku. Hakuna podikasti ya bure inayohitaji nambari yako ya siri ya M-Pesa. Anayekuomba nambari hiyo ili "akusajili" ni tapeli.

Hesabu ya bando

Gharama halisi kwa mtazamaji wa kawaida imo katika data. Video inayopita kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 450 kwa saa. Kipindi cha nusu saa kitakula megabaiti 225. Sauti pekee ya kilobiti 128 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 58 kwa saa, yaani karibu 29 kwa nusu saa. Picha, katika mfano huu, inagharimu karibu mara nane ya sauti. Video ya ubora wa juu huzidi hapo kwa mbali.

Ndiposa kuna tahadhari chache ambazo kila anayeanza anapaswa kuzichukua siku ya kwanza:

- Fungua mipangilio ya programu yako na uzime upakuaji wa moja kwa moja, au uuruhusu kwenye Wi-Fi pekee. Hii ndiyo mipangilio inayoweza kumaliza bando ukiwa umelala.

- Zima uchezaji wa kujiendesha, ambao huanzisha video nyingine mara ya kwanza inapoisha.

- Katika YouTube, teua kiwango cha picha cha 240 au 360. Kwa watu wawili wanaozungumza mezani, kiwango hicho kinatosha katika skrini ya simu.

- Penye Wi-Fi unayoiamini, pakua kipindi pale programu inaporuhusu, ukitazame baadaye bila data. Kumbuka kukifuta, la sivyo simu itajaa.

- Jiulize kama picha inahitajika. Somo la upishi, useremala au kutengeneza simu lahitaji macho. Mahojiano mengi yatosha kwa masikio, na ikiwa kipindi kina toleo la sauti, hapo utaokoa fedha.

Linda orodha yako

Majukwaa huja na kuondoka. Stitcher, iliyokuwa maarufu Marekani, ilifungwa Agosti 2023, na Google Podcasts ikafuata mwaka wa 2024. Waliotumia Google Podcasts walipewa muda wa kuhamisha orodha zao. Waliopuuza walilazimika kuanza upya, wakikumbuka jina moja baada ya jingine.

Programu nyingi za milisho huweza kuiandika orodha yako yote katika faili moja ya aina ya OPML. Ihifadhi au ujitumie kwa barua pepe. Programu ikifa, nyingine itaisoma faili hiyo na vipindi vyako vitarejea kwa dakika chache, maadamu milisho yake ingali hai. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mlisho ulio wazi kuliko kipindi kilichofungiwa katika jukwaa moja. Orodha huwa mali ya mtazamaji, naye huweza kuhama nayo.

Na kipindi kikikuchosha, bonyeza kitufe kilekile ulichojisajilia. Hutatozwa faini wala kuulizwa sababu.