Kocha, benchi na hasira za mashabiki: kwa nini futiboli ya vyuo Marekani huzua ugomvi kila wiki

Kila Jumamosi, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Desemba, mamilioni ya Wamarekani hutazama futiboli ya vyuo vikuu. Siku inayofuata, swali linalosikika kwenye redio za michezo, makanisani na mikahawani ni lile lile: kwa nini kocha alimchezesha yule na kumwacha huyu benchi?

Kwa aliye mbali, swali hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini nyuma yake kuna kijana mwenye misimu minne tu ya kucheza, kocha anayelipwa mamilioni ya dola, na watu wa majimbo kama Alabama na Iowa, ambayo hayana timu hata moja ya NFL, ligi kuu ya kulipwa. Huko timu ya chuo ndiyo timu ya jimbo.

Katika makala hii tunaeleza jinsi uamuzi wa nani acheze unavyofanyika, kwa nini huwaudhi mashabiki, na kwa nini tangu mwaka 2018 umekuwa na gharama kubwa zaidi kwa kocha.

Mchezo wenyewe

Kwa msikilizaji aliyezoea soka, kuna tofauti moja muhimu. Katika futiboli ya Marekani kila timu huingiza wachezaji 11 kwa wakati mmoja, lakini huwa na kundi la kushambulia na kundi jingine la kulinda, na hakuna kikomo cha kubadilisha wachezaji. Aliyetoka anaweza kurudi. Kwa hiyo kocha hawezi kujitetea kwamba nafasi za kubadilisha zilikuwa zimekwisha. Mchezaji mzima wa afya asiyeingia uwanjani hajaingia kwa sababu kocha hakutaka aingie.

Katika nafasi nyingi wachezaji hupokezana. Nafasi moja ni tofauti, nayo ni ya kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Nafasi hiyo kwa kawaida hushikwa na mtu mmoja mchezo mzima. Akicheza mmoja, wengine wawili au watatu hutazama. Ndiyo maana ugomvi mwingi wa mashabiki humhusu kwotabeki.

Mashabiki pia huwajua waliokaa nje. Vijana hawa hufuatiliwa tangu sekondari, na wataalamu huwapanga kwa nyota, moja hadi tano. Chuo kikimpata kijana wa nyota tano, jimbo zima hufurahi. Akionekana wiki baada ya wiki amesimama pembeni na kofia, shabiki huona kama mali iliyofungiwa stoo.

Kile ambacho shabiki haoni

Shabiki huona mchezo mmoja kwa wiki. Kocha humwona mchezaji kila siku. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, huruhusu hadi saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, na makocha wengi huyafunga mazoezi hayo kwa umma. Humo ndimo hujulikana nani amekariri mipango ya mashambulizi, nani huchelewa kusoma nia ya walinzi, na nani ana bega linalomuuma.

Habari za majeraha nazo zilikuwa siri kwa miaka mingi. NFL huzilazimisha timu kutangaza hali za majeruhi kabla ya mchezo, lakini vyuo havikuwa na sharti hilo. Ligi ya Big Ten ilianza kulitaka mwaka 2023, na SEC ikafuata mwaka 2024. Mambo ya nidhamu na masomo ndiyo hayasemwi kabisa. Kocha anayemfungia mchezaji kwa kukosa vipindi darasani mara nyingi hukaa kimya, naye shabiki hubaki kubuni sababu.

Hata orodha rasmi ya kikosi inaweza kuwa fumbo. Makocha wengi huweka neno "au" katikati ya majina mawili ya nafasi moja: fulani au fulani. Neno hilo dogo hujadiliwa wiki nzima.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na makocha wangeipenda methali hiyo. Lakini haimaanishi kwamba kocha hakosei. Makocha pia huwa na mazoea. Wapo wanaomwamini mchezaji wa zamani kwa sababu hafanyi makosa mapya, na wanaoogopa kumpa nafasi chipukizi asije akawagharimu mchezo mmoja. Visa vitatu vifuatavyo vinaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kwenda pande zote.

Alabama: uamuzi wa mapumziko

Tarehe 8 Januari 2018, Alabama ilicheza fainali ya kitaifa dhidi ya Georgia mjini Atlanta. Kwotabeki wake alikuwa Jalen Hurts, aliyeshinda michezo 25 na kupoteza 2 tangu awe chaguo la kwanza. Lakini hadi mapumziko Alabama ilikuwa nyuma 13-0, na Hurts alikuwa amerusha yadi 21 tu.

Kocha Nick Saban alimtoa, akamwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Hawaii. Tagovailoa alirusha pasi tatu za mabao, na katika muda wa nyongeza akampata DeVonta Smith kwa pasi ya yadi 41. Alabama ikashinda 26-23.

Kwa kawaida ushindi kama huo ungemaliza ubishi, lakini huu uliuwasha upya. Miezi yote iliyofuata watu waliuliza nani angeanza msimu mpya, huku Saban akikataa kusema. Baada ya mchezo wa kwanza, Septemba 2018, alimkaripia mtangazaji wa televisheni aliyemuuliza jambo hilo, kisha baadaye akamwomba radhi.

Tagovailoa alipata nafasi, naye Hurts akabaki timuni kama mchezaji wa akiba. Tarehe 1 Desemba 2018, katika fainali ya SEC, Alabama ilikutana tena na Georgia katika uwanja ule ule wa Atlanta. Tagovailoa aliumia katika robo ya nne, timu ikiwa nyuma 28-21. Hurts aliingia, akasawazisha kwa pasi, kisha akakimbia na mpira mwenyewe kufunga bao la ushindi. Matokeo yakawa 35-28.

Je, Saban alikosea kumweka benchi kijana huyu? Fainali ya Januari ilijibu hapana. Lakini Desemba ilionyesha kwamba aliyewekwa benchi hakuwa mchezaji dhaifu. Yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja.

Clemson: aliyeamua kuondoka

Msimu huo huo wa 2018, Clemson ilianza na Kelly Bryant, kwotabeki wa mwaka wa mwisho aliyekuwa ameifikisha timu nusu fainali ya kitaifa msimu uliotangulia. Nyuma yake alikuwa Trevor Lawrence, kijana wa mwaka wa kwanza mwenye nyota tano. Walipokezana kwa michezo minne, na timu ilishinda yote. Kisha kocha Dabo Swinney akatangaza kwamba Lawrence ndiye angeanza. Siku chache baadaye Bryant aliondoka.

Hapa kuna jambo la kanuni. Mchezaji wa chuo ana misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Juni 2018 NCAA iliruhusu mchezaji acheze hadi michezo minne bila kuhesabiwa kwamba ametumia msimu. Bryant alikuwa amecheza minne kamili. Angecheza wa tano, msimu wake wa mwisho ungekuwa umekwenda. Aliondoka, akauokoa msimu wake, na mwaka uliofuata akacheza Missouri.

Wapo mashabiki waliomwona kama aliyeitelekeza timu. Wengine waliona amefanyiwa jambo lisilo la haki, kwani hakuwa amepoteza mchezo wowote msimu huo. Mchezo uliofuata nusura uwape hoja: dhidi ya Syracuse, Lawrence aliumia katika nusu ya kwanza, na Clemson ikalazimika kumtegemea Chase Brice, aliyekuwa wa tatu katika safu. Brice aliongoza shambulizi la yadi 94, na timu ikashinda 27-23. Lawrence alirudi, na Clemson ikamaliza msimu kwa ushindi 15 bila kushindwa, ikiichapa Alabama 44-16 katika fainali.

Iowa: kocha asiyebadilika

Kirk Ferentz ameifundisha Iowa tangu 1999. Mwaka 2022 timu yake ilianza msimu kwa kuishinda South Dakota State 7-3. Ushindi huo ulikuwa wa ajabu: pointi 3 zilitokana na mpira uliopigwa kwa mguu kati ya nguzo, na 4 zilipatikana wapinzani walipokamatwa mara mbili ndani ya eneo lao wenyewe. Kundi la mashambulizi halikuvuka mstari wa bao hata mara moja.

Mashabiki walitaka kwotabeki abadilishwe, lakini Ferentz alibaki na chaguo lake. Iowa ilimaliza msimu ikiwa ya 130 kati ya timu 131 kwa yadi za mashambulizi. Hasira ilizidi kwa sababu msimamizi wa mashambulizi alikuwa Brian Ferentz, mtoto wa kocha. Kwa mashabiki wengi, swali la nani acheze liligeuka kuwa swali la nani anamlinda nani.

Hata hivyo Iowa ilishinda michezo 8 msimu huo, hasa kwa nguvu ya walinzi wake. Kocha aliweza kusema kwamba njia yake inaleta ushindi, na mashabiki waliweza kusema kwamba ingeleta zaidi. Mapema 2023 chuo kiliandika sharti katika mkataba wa Brian: timu ipate wastani wa pointi 25 kwa mchezo. Oktoba mwaka huo kilitangaza kwamba asingeendelea baada ya msimu.

Mlango wa kuhama

Zamani, mchezaji aliyewekwa benchi hakuwa na pa kwenda kwa urahisi. Akihama chuo, kwa kawaida alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Hali hiyo imebadilika kwa hatua:

- Oktoba 2018: NCAA ilifungua mfumo wa kielektroniki ambamo mchezaji huandikisha jina lake kutangaza nia ya kuhama.
- Aprili 2021: wachezaji wa futiboli waliruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo.
- Julai 2021: wachezaji waliruhusiwa kupata pesa kutokana na matangazo na matumizi ya majina yao.
- Aprili 2024: waliruhusiwa kuhama mara zaidi ya moja bila kukaa nje, mradi masomo yao yako sawa.
- Julai 2025: vyuo vilianza kuruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa ukomo wa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza.

Mabadiliko haya yamegeuza maana ya benchi. Zamani kocha aliweza kumwambia kijana asubiri zamu yake. Leo kijana huyo anaweza kuwa amehamia kwa mpinzani kabla ya msimu ujao. Shabiki naye ana hoja mpya: si tu kwamba anayempenda hachezi, bali huenda asimwone tena.

Kocha naye yuko kwenye kibarua kisicho na subira. Novemba 2023 Texas A&M ilimfukuza Jimbo Fisher ingawa kuvunja mkataba wake kulikigharimu chuo zaidi ya dola milioni 75.

Hasira inapovuka mpaka

Kuna jambo jingine lililoongeza joto. Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu majimbo kuhalalisha kamari ya michezo. Tangu hapo, baadhi ya wanaomtukana kocha au mchezaji si mashabiki wa timu hata kidogo, bali ni watu waliopoteza pesa. NCAA imelalamika mara kadhaa kuhusu wanafunzi kutumiwa matusi na vitisho na wacheza kamari.

Kumkosoa kocha anayelipwa mamilioni ni sehemu ya mchezo. Kumwandikia matusi kijana wa miaka 19 kwa sababu kocha alimchagua ni jambo jingine, maana yeye hakujipanga mwenyewe kikosini.

Kabla ya kumhukumu kocha, tunadhani inafaa kujiuliza mambo matatu. Je, tunajua hali ya afya ya mchezaji tunayemtaka? Je, tunahukumu uamuzi, au tunahukumu matokeo yaliyokuja baadaye? Na je, kijana aliyekaa nje amebakiwa na misimu mingapi?

Jalen Hurts alikuwa amebakiwa na mmoja. Alihitimu shahada yake Alabama Desemba 2018, akahamia Oklahoma, na mwaka 2019 akawa wa pili katika kura za tuzo ya Heisman, inayopewa mchezaji bora wa vyuo. Februari 2025 aliiongoza Philadelphia Eagles kuishinda Kansas City Chiefs 40-22 katika Super Bowl, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Ilikuwa miaka 7 na mwezi mmoja tangu usiku ule alipotolewa wakati wa mapumziko.