Fahamu uvimbe wa taya usiouma, na kwa nini kung'oa jino hakuutibu

Taya linavimba polepole upande mmoja. Jino linaanza kulegea, lakini maumivu hakuna. Wengi hudhani ni jino bovu, wanaling'oa na kuendelea na shughuli zao. Kumbe wakati mwingine shida haiko kwenye jino, iko ndani ya mfupa.

Kwa wakazi wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kuuwahi uvimbe huu ni jambo kubwa. Upasuaji mkubwa wa taya hufanyika hospitali za rufaa zilizo mbali, na kadiri mgonjwa anavyochelewa ndivyo kipande cha taya kitakachoondolewa kinavyoongezeka.

Unatokea wapi?

Meno hutengenezwa na chembe maalumu ndani ya taya. Kazi ikiisha, mabaki ya chembe hizo hubaki kwenye mfupa na ufizi. Kwa watu wachache, huanza kukua tena bila mpangilio. Hauambukizi, na haumaanishi kwamba mtu hapigi mswaki.

Aina zake kuu

• Ameloblastoma: Duniani humpata takriban mtu 1 katika kila watu milioni 1 kwa mwaka. Hata hivyo, katika utafiti wa miaka 4 uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2005, ndiyo iliyoongoza kati ya uvimbe wote wa asili ya meno. Hupenda taya la chini, nyuma karibu na magego, na huwapata zaidi vijana na watu wazima.

• Odontoma: Ni fungu la vipande vidogo kama meno, au bonge gumu, ndani ya taya. Mara nyingi hugundulika kwa mtoto au kijana ambaye jino lake la ukubwani limegoma kuota. Likitolewa, kwa kawaida halirudi.

• Adenomatoidi: Huonekana zaidi kwa wasichana, taya la juu, karibu na chonge ambalo halijatoka. Nayo ikiondolewa ni nadra kurudi.

• Uvimbe wa kwenye ufizi: Huu ni nadra zaidi. Daktari huukata bila kugusa sehemu kubwa ya mfupa. Ila vinundu vingi vya ufizi havitokani na uvimbe wa aina hii. Vingine husababishwa na ugaga wa meno au mabadiliko ya mwili wakati wa ujauzito.

Si saratani, lakini usiupuuze

Ameloblastoma kwa kawaida haisambai mwilini kama saratani. Shida yake ni kwamba inakula mfupa taratibu, miaka na miaka. Uso unapinda, meno yanahama, kutafuna kunakuwa kazi, na taya linaweza kuvunjika. Ikiwa taya la juu, inaweza kusogea hadi karibu na jicho.

Kung'oa jino hakusaidii kwa sababu mzizi wa tatizo unabaki ndani. Hata kuukwangua tu uvimbe mara nyingi hufanya urudi.

Mtoto akivimba taya haraka

Hapa usisubiri hata kidogo. Uvimbe unaokua ndani ya siku au wiki chache unaweza kuwa saratani ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt aliyefanya kazi Uganda. Huwapata watoto katika maeneo yenye malaria nyingi. Inakua kwa kasi sana, lakini inatibika kwa dawa ikiwahiwa.

Hospitali watafanya nini?

Daktari wa kinywa na meno ataanza kwa kupiga picha ya eksirei ya taya. Kisha atachukua kinyama kidogo kipelekwe maabara, maana picha peke yake haitoshi kuthibitisha aina.

Kwa ameloblastoma kubwa, sehemu ya taya iliyoathirika huondolewa pamoja na ukingo wa mfupa mzima. Pengo linaweza kuzibwa kwa bamba la chuma au mfupa unaochukuliwa, mfano, kwenye nyonga. Baada ya hapo mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka mingi, kwani inaweza kurudi hata baada ya miaka 10.

Uanzie wapi?

Ukiwa Kibondo au Kasulu, anzia hospitali ya wilaya au ya mji. Omba kuonana na wahudumu wa kinywa na meno, na uulize kama unahitaji picha kabla ya kung'oa jino. Ikibidi, utapewa barua ya rufaa kwenda Maweni mjini Kigoma, Bugando jijini Mwanza au Muhimbili jijini Dar es Salaam.

Usikae nyumbani ukiona:

• Uvimbe wa taya au ufizi uliodumu zaidi ya wiki 2
• Jino linalolegea bila kuoza wala kugongwa
• Ganzi kwenye mdomo wa chini
• Kidonda cha jino lililong'olewa ambacho hakifungi, au nyama inaota mahali pake
• Jino la mtoto limechelewa kuota upande mmoja wakati la upande wa pili limeshatoka

Usikubali uvimbe utobolewe au ukatwe mtaani. Utapata maambukizi, na uvimbe utabaki palepale.