Vyombo na Mihimili: Mgawanyo wa Madaraka Ukitazamwa kutoka Guta

Tumezoea kusema kuwa dola ina mihimili mitatu: Serikali, Bunge na Mahakama. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 4, huviita vyombo. Kwa mvuvi wa Guta, kando ya Ghuba ya Speke, tofauti hiyo si ndogo: mhimili hukaa pale ulipowekwa, ilhali chombo huweza kugonga kingine.

Bunda ilikwishauona mgongano huo. Mwaka 1995 Stephen Wassira wa NCCR-Mageuzi alimshinda Joseph Sinde Warioba wa CCM, aliyekuwa Waziri Mkuu kati ya 1985 na 1990. Warioba alikwenda mahakamani, na uchaguzi ukatenguliwa. Kura za wananchi zikawa zimepimwa na majaji, na aliyezipeleka mbele yao alikuwa amewahi kuiongoza Serikali bungeni. Je, hapo nani alimdhibiti nani?

Warioba huyo huyo ndiye aliyeongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ambayo rasimu yake ya Desemba 2013 ilitaka waziri asiwe mbunge. Ibara ya 55 huagiza kinyume: mawaziri huteuliwa miongoni mwa wabunge, hivyo anayepaswa kuhojiwa huketi na kupiga kura pamoja na wanaomhoji. Kwangu mimi, hilo ndilo lililokuwa pendekezo zito kuliko yote, ingawa mjadala wa serikali tatu ulilifunika. Lilitupwa mwaka 2014 na Bunge Maalumu, ambamo wabunge wote, mawaziri wakiwemo, walikuwa wajumbe.