Dawa ya tezi ya shingo: Jinsi ya kuimeza na kuelewa vipimo

MGONJWA wa tezi ya shingo, au dundumio, anayeishi Likoni, Kisauni au Changamwe hurudi nyumbani kutoka hospitalini na vitu viwili: tembe ndogo za levothairoksini na karatasi ya maabara yenye herufi TSH. Wengi huisoma karatasi hiyo kinyume.

Dundumio hutoa homoni inayoongoza kasi ya mwili kutumia nguvu. Ikizembea, mtu huchoka, hunenepa na kuhisi baridi hata katika joto la Mombasa. TSH, hata hivyo, haitoki shingoni. Hutoka katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo ni kama amri ya kuihimiza dundumio ifanye kazi. Homoni ikipungua, amri huzidi. Kwa hivyo TSH ya juu humaanisha homoni ni haba, na TSH ya chini mno kwa anayetumia tembe huashiria kwamba dozi imezidi. Kwa watu wazima kiwango cha kawaida ni takriban 0.4 hadi 4.0, ingawa kila maabara huchapisha mipaka yake.

Subira inahitajika. Nusu ya dawa iliyomezwa huwa ingali mwilini baada ya siku saba hivi, na TSH huchukua wiki sita hadi nane kutulia. Kupima baada ya wiki mbili ni kupoteza pesa.

Tembe humezwa kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya maziwa, mahamri na mbaazi. Anayewahi feri alfajiri aiweke karibu na kitanda. Mwezi wa Ramadhani, baadhi ya wagonjwa huimeza nusu saa kabla ya daku, wengine wakati wa kulala, saa tatu baada ya kula; daktari aulizwe mapema.

Mama mjamzito ana hatari zaidi. Kliniki humpa tembe za madini ya chuma, ambazo huinasa levothairoksini tumboni isiingie katika damu. Sharti zitenganishwe kwa saa nne. Isitoshe, mahitaji yake ya homoni hupanda tangu wiki za mwanzo, wakati ubongo wa mtoto unategemea homoni ya mama. Asingoje tumbo lionekane ndipo aende kupimwa.

Wapo wanaodhani chumvi yenye madini ya joto itatosha. Sheria ya Kenya imelazimisha chumvi hiyo tangu 1978, nayo huzuia rovu litokanalo na upungufu wa madini hayo. Haiwezi kuchukua nafasi ya tezi iliyoharibika au kuondolewa kwa upasuaji.

Kuongeza dozi kiholela huenda kukasababisha moyo kwenda mbio na mifupa kudhoofika. Siku ya kipimo, aghalabu tembe humezwa baada ya damu kutolewa, na daktari aelezwe ni siku ngapi ilisahauliwa.